Uvimbe wa Shangazi Yako na Daktari wa Mbali

Mjukuu wangu Muhonja,

Pokea salamu zetu za hapa Iguhu. Mvua imekuja vizuri na ng'ombe amezaa. Uliniuliza kama ni kweli uvimbe wa shangazi yako Imali ulipimwa na daktari aliye Nairobi. Ni kweli, nilikuwepo.

Nikiwa kijana wa maabara, tulikuwa tukituma sampuli za uvimbe Nairobi kwa basi. Mama mmoja wa Navakholo alikuja kila Jumatatu kuniuliza, "Mwanangu, jibu limefika?" Lilipofika, aliyekuja kulichukua ni mumewe, peke yake; mama alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo safari hii niliomba kuketi kando maabarani, Imali akakubali. Msichana wa maabara aliweka kioo chenye chembe za uvimbe kwenye darubini iliyounganishwa na mtandao, kisha akaondoa mikono. Kioo kikaanza kusogea chenyewe!

"Ni daktari anayekisogeza akiwa huko Nairobi," akaniambia.

Baada ya muda sauti ya daktari ikatoka kwenye kompyuta: "Kioo umekiandaa vizuri sana. Mgonjwa yuko karibu?"

"Yuko nje kwenye benchi."

"Mwite, tafadhali. Nataka kumweleza mwenyewe."

Imali akaingia. Daktari alimsalimia kwa jina, akamwambia polepole kwamba ni saratani, lakini bado ni ndogo na inatibika. Nilistaajabu, mjukuu wangu, nikawapenda wote wawili, daktari na yule msichana wa maabara.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Leo ameenda sokoni kwa miguu, na amenikataza kumsindikiza.

Ni mimi babu yako, kuka wako anayekupenda.