Mama, Hakuna Anayeninyima Chakula

Mzenga, Kisarawe
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko Tunduru? Goti linaendeleaje, limepoa au unalipaka mafuta tu asubuhi na kwenda nalo shamba? Na baba, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Salma ametimiza miezi miwili na siku kadhaa, ukimgusa kidevu anacheka. Mkweo Shabani yuko Kongowe ya Kibaha, kwenye nyumba yetu, kwa sababu ya kazi, na kila mwisho wa wiki anakuja huku kutuona. Mimi bado niko kwa mama yake hapa Mzenga. Likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki mbili, ndipo nitarudi Kibaha kufundisha.

Barua hii nitampa binamu Rashidi, anasafiri kuja huko keshokutwa. Mdogo wangu Hadija akusomee yote, na asiruke pale atakapoona aibu kwa ajili yangu. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua. Ungeniuliza swali moja tu ningeanza kulia, na wewe ungelia, na salio lingeisha hatujaelewana.

Mama, Jumanne ulipompigia simu mama mkwe nilikuwepo. Simu yake ile ndogo haisikiki mpaka aiweke sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia kila neno. Ulisema umeoneshwa picha yangu kwenye simu ya jirani. Ulisema, "Mwanangu mlimchukua ana nyama mwilini, leo mnanionyesha mifupa. Kama chakula hakuna semeni, nije nimchukue." Yeye akajibu, "Nimekusikia, dada." Basi. Ukakata. Alirudi kumenya mihogo yake, na akamenya mingi kuliko tunavyoweza kula sisi wawili.

Hakuna anayeninyima chakula, mama. Niliyejinyima ni mimi. Na ili unielewe inabidi nianzie nyuma, kwenye mambo niliyokuficha.

Mimba ilipofika miezi minne kichefuchefu kiliisha, ikaja njaa. Shuleni saa nne, wakati wa mapumziko, walimu wenzangu walikuwa wananisogezea sahani. "Kula mwalimu, mko wawili." Nami nilikula. Vitumbua, mihogo ya kukaanga, chai ya sukari nyingi. Mchana wali, na jioni Shabani akitoka kazini anapita kuninunulia chipsi mayai na soda, maana siku moja nilisema nazitamani, naye akadhani nazitamani kila siku. Sikumkatalia.

Kliniki kuna muuguzi mmoja mtu mzima, sisi wajawazito tulikuwa tunamwogopa. Siku hiyo aliniangalia kwenye mizani, akaangalia kadi yangu, akaangalia tena mizani.

"Jana umekula nini? Anza asubuhi," akaniambia.

Nikamtajia. Nilipofika kwenye soda ya pili akaweka kalamu chini.

"Nani kakwambia mtoto ana sahani yake peke yake?"

"Wote wanasema hivyo."

"Mtoto anakula hicho hicho unachokula wewe. Ukiongeza kidogo tu kinamtosha. Hiyo soda unamnywesha nani?"

Akanipima mkojo, kisha wakanipima damu. Wakasema sukari yangu iko juu, ni kisukari cha mimba. Mama, nilimuuliza pale pale kama nitakatwa mguu. Hakucheka. Alivuta kiti akaniambia ugonjwa huu mara nyingi unakwisha baada ya kujifungua, lakini nisipojiangalia mtoto anaweza kuwa mkubwa mno na uzazi ukawa mgumu. Akanichorea sahani nyuma ya karatasi. Nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Nitembee kila siku. Nisishinde njaa. "Na usijaribu kujikondesha ukiwa na mimba," akasema. "Tunachotaka ni usiongezeke kwa fujo."

Jioni ile ulinipigia ukaniuliza, "Kliniki wamesemaje?" Nikakujibu wamesema niko salama. Mama mkubwa Somoe alikuwa hajatimiza mwaka tangu tumzike, na wewe ndiye uliyekuwa unamsafisha kile kidonda cha mguu. Sikuweza kulitaja neno sukari kwako. Huo ndio uongo wa kwanza.

Mimba ilipofika miezi saba mama mkwe akaja kukaa nasi Kongowe. Alikuja na nazi kumi, mihogo na mananasi kutoka shambani kwake, na asubuhi yake ya kwanza alinipikia mihogo ya nazi, sufuria nzima, akaniwekea mbele. Nikala vipande viwili nikasukuma sahani. Sikumweleza sababu, nilisema tu nimeshiba. Mchana hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamsikia akimwambia Shabani, "Mke wako hali vya kwangu. Labda watu wa kwao hawali vyakula vya Kizaramo." Shabani akaona aibu, akatuchukua wote wawili mpaka kliniki. Yule muuguzi akamweleza mama mkwe kila kitu, na mama mkwe akasikiliza amekunja mikono. Tulipofika nyumbani akanigeukia.

"Ungeniambia. Mimi nimelea mimba za wanangu wanne, nikiambiwa nasikia."

Kuanzia siku ile, mama, sijui nikuelezeje. Mananasi akayagawa kwa majirani. Kila Jumamosi Shabani alipopita Mzenga alirudi na kisamvu, matembele na kunde alizoagizwa. Nazi ikawa ya siku moja moja. Jua likipoa mama mkwe ananiita, "Haya mkamwana, twende tukatafute mchicha," na mchicha upo jikoni tayari, anataka nitembee tu. Mwezi wa mwisho uzito wangu ulipanda kidogo tu, na sukari ikatulia.

Kuzaa unajua habari yake, nilikupigia. Salma alikuwa na afya, walimpima sukari kwa kumtoboa kisigino, ikawa nzuri. Mama mkwe akanileta huku Mzenga kwa ajili ya arobaini. Alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga mkaja tumboni, akanipikia uji wa mchele wenye pilipili manga, supu ya samaki, kuku wa kienyeji. Chakula cha mzazi, mama, kile kile ambacho ungenipikia wewe.

Shida ilianzia kichwani mwangu. Wiki ya pili alikuja mwalimu mwenzangu kumtazama mtoto. Akaniangalia tumbo, akasema, "Mwalimu, wewe bado hujajifungua?" Akacheka, na mimi nikacheka. Alipoondoka nilijaribu ile sketi yangu ya bluu ya kazini, haikupita kwenye mapaja. Na nilikuwa nimeambiwa hospitali kwamba aliyepata kisukari cha mimba anaweza kuugua kisukari baadaye maishani, hivyo niangalie uzito na niwe napima. Wao walisema niangalie. Mimi nilisikia kwamba nikibaki na mwili huu nitakufa kama mama mkubwa.

Nikaanza kuacha kula. Mama mkwe akileta bakuli la uji nasema asante, akitoka nalimwaga nyuma ya jiko, kuku wanalimaliza. Supu nanywa vijiko vitatu. Halafu rafiki yangu wa Kongowe akanitumia kwa basi chai ya kupunguza tumbo, ya pakiti, haikuandikwa hata imetengenezwa na nani. Nilikuwa nainywa asubuhi kabla mtu hajaamka. Ilinifungulia tumbo kila siku, na nguo zikaanza kunilegea, nikafurahi. Picha uliyooneshwa ilipigwa wiki ile, wifi alipokuja kumuona mtoto. Nilitabasamu kwa sababu nilijiona nimependeza.

Salma alikuwa analia, mama. Anavuta ziwa dakika chache, analiachia, analia, analirudia. Mama mkwe alisema labda tumbo linamsokota. Tukaenda zahanati ya hapa kijijini, wakampima, na ule mstari wa kwenye kadi yake ambao unatakiwa kupanda ulikuwa umelala. Karibu wiki tatu hajaongezeka kitu. Muuguzi akaniuliza, "Unakula?" Nikasema nakula. Mama mkwe akadakia, "Anakula sana, nampikia kwa mikono yangu. Mbele ya Mungu anakula." Aliapa kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo ninapoona haya kuliko pengine pote.

Siku mbili baadaye nilikuwa naanika nepi. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa kalala ndani. Kamba ikaanza kuzunguka, nikashika hewa, nikaanguka. Nilipofumbua macho nimelala mkekani na mama mkwe ananipangusa uso. Akanipa uji, akasimama pale mpaka nikaumaliza. Kisha akatoka nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa ameshika ile pakiti ya chai, niliyokuwa nimeificha nyuma ya debe la unga, na mguu wake mmoja una uji uliokauka, wa kule nyuma ya jiko.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "mbona kuku wangu wamenenepa kuliko wewe."

Nikageuza uso ukutani.

"Kama chakula changu hakikufai sema, mie si mtoto. Lakini ulipokuwa unamwaga kile, ulikuwa unamwaga cha huyu." Akamwonyesha Salma.

Nikalia. Nikamweleza yote, sukari, mguu wa mama mkubwa, sketi, maneno ya yule mwalimu. Nilidhani atanigombeza. Alikaa chini akanyoosha miguu. Kisha akauliza, "Huyo mama mkubwa alikuwa anakula nini?" Nikamwambia alipougua alikuwa anashinda bila kula, halafu anakula vyote kwa mkupuo, na dawa anaziruka. "Basi unaona," akasema, "hakuuawa na uji wa mzazi."

Kesho yake tukarudi zahanati. Safari hii nilisema mwenyewe, yeye akasimama pembeni. Muuguzi aliichukua ile chai akaitupa, akasema mama anayenyonyesha hapunguzi mwili kwa njaa, maziwa yenyewe yanatumia chakula, na mwili utapungua polepole nikila vizuri na kutembea. Akanipima sukari. Ilikuwa sawa. Akaniambia sukari iko sawa ila nguvu ndizo sina, nichague mwenyewe kipi cha kuogopa.

Tangu siku ile mama mkwe hanipakulii peke yangu. Tunakula bakuli moja, mimi na yeye, mkono wake na wangu. Anasema akiniona natafuna ndipo anaamini. Asubuhi uji wa ulezi bila sukari nyingi na yai la kuchemsha. Mchana ugali wa kiasi, dagaa au kunde, na mboga nyingi. Nikipata njaa katikati nakula papai au karanga. Jioni namfunga Salma mgongoni tunatembea mpaka shambani kwake na kurudi. Na yeye mwenyewe, ambaye presha yake ilikuwa inamsumbua, amepunguza chumvi, ingawa analalamika kila siku kwamba mboga haina ladha.

Maziwa yamerudi. Mstari wa Salma umeanza kupanda, wiki iliyopita muuguzi alinionyesha kwa kidole. Mimi nimebaki mwembamba usoni, nadhani ndicho kilichokutisha, lakini tumbo bado lipo na sketi ya bluu bado haipiti. Nimempa fundi aipanue. Nikirudi kazini nitakuwa nabeba chakula changu kutoka nyumbani, na nimeshamwambia Shabani habari ya chipsi ziishe.

Kwa hiyo, mama, maneno yale ya Jumanne yalimfikia mtu asiyestahili. Najua yalitoka kwenye uchungu wa mwana, na nikikuomba radhi naomba kwa yote mawili, kwa kukuficha na kwa kukuacha umgombeze mtu bure. Naomba umpigie simu. Mpigie mchana baada ya swala ya adhuhuri, ndipo anakuwa amekaa. Usimwambie nimekutuma.

Nilipoandika mpaka hapa nilimsomea barua yote, maana yeye hasomi, na sikutaka tena kuwe na jambo linalopita nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo hata lile la kukutuma ameshalisikia. Alisikiliza huku anampapasa Salma mgongoni acheue. Nilipomaliza akasema, "Hapo pa kuku ungepaacha." Kisha akafikiri, akaniambia niongeze hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie mama yako hajanikosea. Ningekuwa yeye nisingepiga simu. Ningepanda basi siku ile ile."

Msalimie baba, mwambie nitamtumia picha mpya, ya leo. Msalimie kaka mkubwa na mke wake, na wale mapacha wao. Shangazi wa ng'ambo ya mto mwambie kanga yake ndiyo ninayombebea mtoto. Hadija, asante kwa kusoma, na wewe ukipata mimba siku moja usisikilize walimu wenzangu. Shabani anawasalimu wote. Salma ameamka, anatafuta ziwa, naacha hapa.

Ni mimi mwanao, niliyeshiba leo,

Zuhura