Manjano Kwenye Kanzu ya Marehemu

Jumanne, 4 Julai

Semina imekwisha! Cheti ninacho. Nusura binti Saadi, Balozi wa Usafi Usio na Sumu. Wameandika kwa wino wa kijani. Siku nzima mwezeshaji anatueleza plastiki inavyoiua dunia, na siku nzima tunakunywa maji ya chupa ndogondogo za plastiki. Nikauliza kwa adabu chupa hizi zinaenda wapi. Akasema ni swali zuri sana. Tukaenda kula.

Lakini nimejifunza. Limao, chumvi, siki, magadi, majivu, jua. Basi! Hakuna doa la kuvishinda hivyo. Nimefika nyumbani nikatoa jiki yote, ile dawa ya kung'arisha nguo, nikampa Tekla, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Machame asiyeamini kitu ni kisafi mpaka kinuke hospitali. Alipokea kwa mikono miwili. Akasema Mungu akubariki Mama Zakia, ukiitaka utajua ilipo. Sikupenda alivyocheka.

Jumatano, 5 Julai

Nimefungua group la WhatsApp: MADOA KWAHERI. Akina mama wa mtaa wote wamo, mpaka Tekla, nadhani kwa ajili ya kunipeleleza. Maswali yanamiminika. Parachichi? Limao. Masizi? Magadi. Damu? Maji baridi na chumvi, usithubutu kuweka ya moto. Mmoja kauliza lipstiki isiyo yake kwenye kola ya shati la mumewe. Nikamjibu limao, halafu nikaongeza: anza na mume.

Mapokezi makubwa. Mpaka nikaogopa kidogo – ila kuogopa kwa raha.

Alhamisi, 6 Julai

Leo nimeondoa nailoni nyumba nzima. Kila kifuko nje! Jamaldini, mume wangu, kanikuta kabatini nimeshika kanzu ya marehemu baba yake. Ni kanzu ya Kimanga, ile yenye kishada cha nyuzi shingoni. Kile kishada yeye hukifunga kifuko cha nailoni, na kanzu huifua mwenyewe, kishada kakishikilia juu ya beseni kisiguse maji. Baba yake alikuwa akikitia mafuta ya udi kila Ijumaa. Mzee amezikwa mimi sijamaliza kunyonyesha Zakia, na Zakia sasa anaposwa. Harufu bado ipo.

Nikamwambia nailoni ni sumu. Akasema hiyo nailoni ina umri mkubwa kuliko semina yako. Tukabishana. Nikashinda: nimekivisha kishada kitambaa cha pamba. Alinuna.

Wageni wa posa wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Watu wa Moshi, kwao Luqman, kijana anayemposa Zakia. Jamaldini amesema atawapokea na kanzu hiyo na si nyingine. Anasema siku anapomtoa binti, baba yake lazima awepo kwa namna fulani.

Ijumaa, 7 Julai

Ya Rabi.

Jamaldini kaivaa kanzu kwenda kusali, eti kujaribu kama tumbo bado linaingia. Liliingia. Akarudi amefurahi, akakaa kula bila kubadili. Nami nampakulia mchuzi wa kuku, huku namweleza siri ya madoa: kwamba doa ni kama deni la maneno, usipolijibu mapema linakua. Nikaonyesha kwa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa na upawa. Mchuzi wote wa manjano – kifuani!

Zakia kapiga kelele. Jamaldini hakupiga. Alijitazama tu. Akasema nitaipeleka kwa dobi. Kwa dobi! Mume wa Balozi! Nikasema mbele ya binti yake: niachie mimi, Jumapili ya posa itakuwa nyeupe. Akasema haya, ila kishada kisiguse maji. Nikasema kwani mimi mtoto?

Jumamosi, 8 Julai

Nilichemsha magadi. Nikatia na majivu yaliyochekechwa, kwa usalama. Nikamimina juu ya doa.

Doa likawa jekundu.

Si wekundu hafifu, la. Jekundu kama mbuzi kachinjwa pale pale kifuani! Nikaruka nyuma na beseni. Nikaongeza magadi, likazidi. Nikaianika uani mahali pa kujificha, lakini ukuta wa Tekla haujui kujificha. Kachungulia akaita, "Yesu wangu! Mama Zakia, mume yu salama?" Nikamwambia ni manjano. Akasema manjano gani yanatoka damu. Kabla ya adhuhuri watu watatu wamepita kumpa Jamaldini pole. Mmoja kaja na ndizi. Jamaldini kazipokea, hajui kwa nini, akashukuru.

Jumatatu, 10 Julai

Limao limeligeuza la njano tena! Alhamdulillahi. Nikasuuza kwa sabuni kumalizia – jekundu. Limao – njano. Sabuni – jekundu. Nimeshinda nayo mpaka mikono imechubuka. Likiwa la njano linaonekana kama tumekula vibaya. Likiwa jekundu linaonekana kama tumeua. Nimeliacha la njano.

Kwenye group wameniuliza dawa ya doa la manjano. Nani aliyeuliza? Namba ya Tekla. Nimejibu kwa utulivu: jua. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye makaratasi ya semina, jua linakula manjano. Mwenyezi Mungu kaumba jua bure na halina sumu. Nimeweka na kile kipicha cha ua.

Jumatano, 12 Julai

Jua liko wapi? Julai ya Arusha! Mlima hatujauona tangu wiki iliyopita, umejifunika kama mgonjwa. Manyunyu asubuhi, ukungu mchana, baridi jioni. Kanzu iko kwenye kamba inapata unyevu tu. Imeanza kunuka uvundo. Nimefunga kishada vizuri zaidi.

Jamaldini anapita, haulizi. Angeuliza ningempa jibu. Asipouliza ndipo ninapokosa raha.

Tekla kaleta chupa yangu ya jiki mpaka mlangoni, kaifunika kanga kama mtu anayeleta pombe. Akanong'ona, "Mganga hajigangi, dada. Chukua, sitamwambia mtu." Nilimtazama yule mwanamke nikaona ni Ibilisi kavaa kitenge. Nikamfungia mlango. Halafu nikasimama nyuma ya mlango muda, nasikiliza kama ameondoka nayo.

Ameondoka nayo.

Alhamisi, 13 Julai

Loserian anayetuletea maziwa kasema kwao Terrat jua linawaka, wao wako chini huko, mawingu ya mlimani hayawafiki. Nikamwambia nakuja na nguo yangu. Hakushangaa. Anatuuzia maziwa sisi watu wa mjini miaka mingi.

Kweli, jua! Nilitaka kulia. Kweupe, upepo mkavu, miiba tu na anga. Nikailowesha kanzu limao na chumvi, nikaitandaza juu ya kichaka cha boma. Mke wa Loserian kanipa chai ya maziwa, tukakaa ndani kwenye kivuli. Nilipotoka mara ya kwanza manjano yamepauka. Mara ya pili yamekwisha! Yamekwisha kabisa! Nilipiga kigelegele peke yangu, mbwa wakabweka. Nikafungua kitambaa cha kishada nacho kipate hewa, maana na chenyewe kimeanza uvundo. Nikarudi kumalizia chai, nimtumie Tekla picha.

Hiyo chai sitaisamehe.

Ndama. Nilipotoka yuko na shingo ya kanzu mdomoni, ananyonya amefumba macho. Kumbe nguo niliyoichemsha kwa magadi na kuipaka chumvi, nimekwenda kuitandaza kwenye boma la ng'ombe – ng'ombe ambao hulambishwa magadi kwa mkono! Nilivuta, naye akavuta. Loserian kaja mbio, kamshika taya. Kanzu imetoka nzima. Kishada hakikutoka. Loserian kamtia vidole mpaka kooni, wapi.

Akaniambia kwa upole sana, "Pole mama. Huyu alifikiri umemletea chumvi yake." Watoto wakacheka. Nami nikacheka kwa kuwa nilikuwa mgeni wao.

Ijumaa, 14 Julai

Hakuna cha kuandika. Mahali palipokuwa na doa pamekuwa peupe kuliko sehemu nyingine yote ya kanzu. Kanzu ni ya rangi ya maziwa, na kifuani kuna bara jeupe. Doa limetoka, limeacha doa safi.

Nimenunua uzi, nimesuka kishada kipya. Kizuri. Nimekitia mafuta ya udi. Kinanuka duka.

Jumamosi, 15 Julai

Nilitaka kusubiri mpaka wageni waondoke. Sikuweza. Baada ya magharibi nikampa kanzu imepigwa pasi, imekunjwa, kishada juu. Akaifungua. Bara jeupe hakulitazama hata. Aliinua kishada akakisogeza puani kama alivyozoea. Kisha akakiteremsha polepole.

Nikamweleza yote. Terrat, jua, chai, ndama. Nilidhani atapiga kelele, nami nilijiandaa kupiga zangu, kwamba ni yeye aliyekula amevaa kanzu ya marehemu. Hakupiga. Aliuliza swali moja tu: kile kifuko cha nailoni kiko wapi. Nikasema nilikitupa. Akasema sawa.

Akalala amegeukia ukuta. Chakula kimerudi jikoni kilivyo. Mimi nimelia chooni nikiwa nimefungua bomba, maji yanapotea bure, Balozi mzima. Sikulilia kanzu. Nimelilia vile alivyosema sawa.

Jumapili, 16 Julai

Wageni wapo! Naandikia chumbani, mlango nimeegemeza kiti. Nina dakika chache.

Jamaldini kaivaa. Kifua kina bara lake na kishada kipya, kapiga joho jeusi juu yake, kapendeza. Tangu jana hajanisemesha. Salamu za wageni kaitikia, za kwangu kaitikia kwa kichwa. Wanaume wako sebuleni, sisi wanawake upande wa ndani, pazia katikati. Barua ya posa imepokelewa, Zakia kaulizwa, kanyamaza ile nyamaza ya kukubali. Vigelegele. Chakula kimeliwa, wali mweupe! Sikuthubutu manjano leo.

Halafu Bi Salha, mama yake Luqman, kafunua sinia la mwisho la zawadi. Shela. Nyeupe, ya hariri, ya bibi yake Luqman, akaivaa Bi Salha mwenyewe, na sasa wanataka Zakia aingie nayo kwenye nikahi. Wanawake wote, "Mashaallah." Bi Salha akaigeuza. Upindo mzima una doa la kahawa, la zamani, limekuwa rangi ya udongo.

Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni, "Nilitaka kuipeleka mahali Nairobi. Lakini wifi yangu yumo kwenye group lako, Mama Zakia. Kaniambia kwa nini uhangaike na Nairobi, na mkwe wako ndiye Nusura wa Madoa Kwaheri? Nikasema basi, heri yetu. Hii sina nyingine, na siwezi kumpa mtu baki."

Wote wananitazama kwa mapenzi. Hariri, jamani! Nilifungua mdomo kusema siwezi. Wallahi nilikuwa nasema. Neno lilishafika kwenye meno.

Ndipo nikasikia sauti ya Jamaldini kutoka upande wa pili wa pazia, ya upole, ya kila siku: "Mwachieni tu, Bi Salha. Mke wangu hashindwi na doa."

Vigelegele tena. Bi Salha kanibusu huku na huku, kaniwekea shela mikononi. Nikasema naipeleka ndani isije ikachafuka, nikaja huku nikafunga.

Sikuuona uso wake. Pazia. Kanisitiri mbele ya wakwe, au kanilipa? Nimeisikia ile sauti tena na tena kichwani na siwezi kujua. Amesema "mke wangu". Tangu jana ndiyo mara ya kwanza ananitaja, na hakunitaja kwangu.

Zakia kagonga, kauliza mama, unafanya nini, wanataka kuomba dua waondoke. Nimemuuliza kupitia mlango, baba yako alikuwa anacheka aliposema? Akasema, "Hapana mama. Nilimchungulia. Alikuwa anatazama pazia."

Iko hapa magotini, nyepesi, haina uzito wowote. Nikitoka nayo nikaseme ukweli, nimemfanya mume wangu mwongo mbele ya watu wa Moshi, siku ya binti yake, na kanzu ile mwilini. Nikitoka mikono mitupu, nimeipokea –

Ananiita. Yeye mwenyewe, si Zakia. Ameita jina langu