Desi na Watu Wanaoinama

Kimbo, Ruiru

Baba yangu mpendwa,

Mulembe, Baba. Natumaini Nafula anaanza kukusomea haya ukiwa umeketi nje ya jikoni, miguu juani na chai karibu, na kwamba hilo jicho la kulia halikusumbui zaidi ya nilivyoliacha Desemba. Mama anaendeleaje na kifua chake? Yule ng'ombe mwenye pembe moja alizaa salama? Mimi huku ni mzima. Kazi ya kuchambua njugu za makadamia kule Thika inaendelea, mvua imenyesha, na matope ya Kimbo yamekula kiatu changu kimoja mpaka leo sijakipata.

Nafula, wewe wifi yangu unayesoma, nakuomba usicheke katikati ya sentensi, na usiruke mahali popote hata Baba akikuamuru uruke. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, nikitaja tu mbwa, Baba anakata. Mara ya mwisho ulisema, Baba, "Nasimiyu, siwezi kupanda basi kutoka Kimilili nije kuliwa Ruiru," halafu nikabaki nikisikiliza simu iliyonyamaza. Karatasi haina kidude cha kukatia. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Daktari wa macho wa hapa Thika bado anakungoja. Aliyoyasema hayajabadilika: mtoto wa jicho amekomaa, na tukizidi kukawia huenda jicho lisiokoke. Ulikubali kuja, ukasikia nimechukua mbwa, ukakataa. Nitakwambia ukweli, nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie mbwa au nikukasirikie wewe.

Unajua kwa nini nilimchukua. Wale wezi walipovunja mlango wangu mchana nikiwa kazini, walichukua hata sufuria iliyokuwa na maharagwe ndani. Tangu siku hiyo kila nikirudi nilikuwa nasimama mbele ya kufuli kwa muda nikiogopa kuingia nyumbani kwangu mwenyewe. Kuna watu huku wanaookota mbwa wa barabarani, wanawatibu, kisha wanawagawa kwa anayetaka. Nikaenda. Nikampata huyu, wa rangi ya majani makavu, sikio moja limekatika ncha. Walisema walimtoa sokoni Githurai 45, alikokuwa akiishi chini ya meza za nyama na kufukuzwa na kila mtu. Wakampa jina la Kizungu, Daisy. Kwenye plot yetu, hivi vyumba vya kupanga vya ua mmoja, hakuna aliyeliweza jina hilo, akawa Desi mara moja.

Siku za kwanza alikuwa mpole mpaka nikadhani nimepewa kondoo. Kisha akaamka. Nilikuwa nikimwekea chakula, ananguruma na kunionyesha meno yote, mimi ninayemlisha. Kijana wa gesi aliposhusha mtungi mlangoni, Desi alimrukia na mnyororo ndio uliomwokoa. Halafu ikaja siku ya Mama Brayo, jirani yangu wa mlango wa pili. Alikuwa akifua nguo pale mferejini, Desi akachomoka kwenye mnyororo, akamkamata leso na kuirarua katikati. Mguu haukuguswa, namshukuru Mungu, lakini Mama Brayo alipiga nduru iliyofika stendi.

Hapo kila mtu akawa mwalimu wa mbwa. Mama Brayo mwenyewe aliniambia, "Hiyo mbwa inataka kuchapwa ndio ijue mwenyewe ni nani." Mwenzangu kazini akasema nimwache njaa siku nzima atulie. Daktari wa mifugo, ambaye angalau alimshika, alimwangalia meno, masikio na miguu, akampa chanjo, akasema hana ugonjwa, ana woga. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema hilo nitalijua mimi ninayekaa naye. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikiona nimelipa kuambiwa nikajijibu mwenyewe.

Kamau mwenye plot akanijia jioni. Si mtu mbaya, unakumbuka ndiye aliyetuma viazi ulipokuwa umelazwa. Akasimama mbali na mlango na kusema, "Nasimiyu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hiyo kitu ikiuma mtu, ni mimi watakuja kushika. Mwisho wa mwezi nisiipate hapa." Nikamwambia sawa. Wewe umekataa kuja, plot nzima inatembea kwa kunyata, na mimi mwenyewe nilikuwa namsogezea Desi bakuli kwa ufagio. Nikawapigia wale watu waliomtoa waje Jumamosi wamchukue.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi hiyo, Baba, maana ndicho kilichonifanya nitafute kalamu.

Walichelewa. Nikaketi mlangoni na mfuko wa vitu vya Desi, yeye kafungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Shosho akatoka chumbani kwake. Huyu bibi ni mama yake Kamau, anaishi chumba cha kwanza karibu na lango, na mgongo wake umepinda kuliko hata wako, ukimwona kwa mbali unadhani anatafuta shilingi chini. Alipita karibu kabisa na Desi, akimsemesha Kikuyu kama anavyofanya siku zote, na Desi akatikisa mkia. Hakuna siku Desi amewahi kumngurumia Shosho. Sisi tulikuwa tunasema anampa nyama kwa siri.

Kabla Shosho hajafika mferejini, lango likafunguliwa, Kamau akaingia. Alipomwona tu Desi, Kamau akasimama, akainama, mkono chini, kama anayeokota jiwe. Hakukuwa na jiwe, pale ni saruji tupu. Desi aliruka mpaka nguzo ikatikisika, povu mdomoni, sijawahi kumwona vile.

Nikabaki pale nimekaa. Kwa sababu ule mwinamo naujua, Baba. Ni wewe uliyetufundisha mimi na kaka Wafula, tulipokuwa tukipita kwa yule mzee wa kinu mwenye mbwa tukienda shule. Ulisema, mbwa akikujia usikimbie, inama tu ujifanye unaokota jiwe, atageuka mwenyewe. Na kweli walikuwa wanageuka. Nchi hii hakuna mtu asiyejua jambo hilo, awe wa Kimilili, wa Thika au wa Githurai. Na hakuna mbwa wa sokoni asiyejua kwamba baada ya mtu kuinama jiwe linakuja.

Nikaanza kuwapanga mmoja mmoja kichwani. Kijana wa gesi aliinama kuweka mtungi. Mama Brayo aliinama kwenye beseni. Mimi, kila asubuhi na kila jioni, nasimama mbele yake wima na bakuli, kisha nainama. Tulidhani analinda chakula. Kumbe alikuwa hajafika hata kwenye chakula, alikuwa anangoja jiwe. Na Shosho yeye hainami. Ameshainama, anakuja hivyo kutoka mlangoni na kurudi hivyo, hakuna mahali mkono wake unaposhuka ghafla.

Nikaingia ndani nikachota ugali na mchuzi. Nikaketi kwenye kigoda nikiwa bado mbali, nikasogea nacho taratibu kama mtoto anayejifunza kutambaa, nikaweka bakuli chini bila kuinuka. Akala. Hakunguruma hata kidogo. Alipomaliza nikasimama, nikainama kidogo tu, na pale pale meno yakatoka. Nikarudi kukaa, akatulia. Hapo nililia tena, Baba, lakini safari hii nilijua nalilia nini. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimefurahi.

Gari la wale watu lilipofika nikasema sitoi mbwa. Msichana waliyemtuma, Achieng, hakukasirika kwamba amekuja bure. Aliketi na mimi kwenye saruji akanieleza la kufanya: nimfundishe kwamba mkono ukishuka kinachokuja ni kitu kizuri. Nianze kwa mbali, Desi akiwa amefungwa, nipinde mgongo kidogo sana, nidondoshe kipande cha nyama, nisimame. Akionyesha meno, nimezidisha, nirudi nyuma. Nisimpige wala nisimpigie kelele. Na wageni wasimkaribie mpaka atulie.

Basi nimekuwa mtu wa matumbo. Nanunua kwa yule wa karibu na stendi, nachemsha, nakatakata, natembea na mfuko wa matumbo kwenye aproni hadi paka wote wa Kimbo wananijua. Kila nikirudi kutoka Thika, kabla sijavua viatu, nainama na kudondosha, nainama na kudondosha. Wenzangu wa plot walisimama milangoni kutazama. Mama Brayo akauliza, "Sasa hiyo ni maombi ama ni mazoezi?" Kuanzia hapo wananiita Mama Desi.

Kilichonishinda zaidi hakikuwa mbwa, kilikuwa watu. Niliwaomba wasiiname mbele yake kwa sasa, wakakubali wote, na kesho yake wote wakainama. Si kwa ubaya. Mkono unashuka wenyewe, kama unavyofumba macho vumbi likija. Mama Brayo aliamua kutembea kifua mbele kama askari wa gwaride kila akipita na ndoo, na akidondosha kitu anakiacha hapo mpaka Desi afungiwe ndani. Kuna siku aliacha vitunguu vitatu njiani na kwenda zake.

Iliendelea hivyo mpaka meno yakaanza kuchelewa kutoka, kisha yakakoma. Siku moja niliinama kabisa, mkono ukagusa saruji, na Desi badala ya kunguruma akaja kutazama mkono una nini. Nilikaa chini palepale na sare za kazi. Aliniwekea kichwa pajani kwa mara ya kwanza tangu nimlete. Ni kichwa kizito, Baba, na kinanuka, na sikutaka akitoe.

Mwisho wa mwezi Kamau alikuja kuona kama amri yake imetimizwa. Nilimpa kipande cha tumbo mkononi, nikashika mnyororo mfupi, nikamwambia ainame polepole aangushe. Alinitazama kama mtu anayeambiwa aingize mkono kwenye mzinga. Lakini Shosho alikuwa amekaa pale akimwangalia, na mtu mzima hawezi kuogopa mbele ya mama yake, kwa hivyo akainama. Desi akaokota, akatafuna, akatikisa mkia akiomba kingine. Kamau akasema, "Hii si ile mbwa. Umebadilisha." Nikamwonyesha sikio lililokatika. Akasema, "Wacha ikae. Lakini hiyo mnyororo nataka nione ni mpya." Nimenunua mpya.

Sitakudanganya kwamba amekuwa malaika. Mgeni akiingia bado namfunga, na mtu akikimbia bado anabweka mpaka koo linakauka. Sitamwamini na watoto wa shule bado. Lakini mimi nikirudi kazini siku hizi naingia ndani moja kwa moja. Sisimami tena mbele ya kufuli. Sikuwa najua jinsi nilivyochoka mpaka uchovu huo uliponitoka.

Na wewe sasa. Najua kilichokuogopesha. Jicho moja halioni, la pili linabahatisha, na fimbo mkononi, unafikiri utawezaje kumkwepa mbwa usiyemwona akija. Na mimi, nilipogundua siri ya Desi, jambo la kwanza lililonipiga ni mgongo wako. Nikasema, basi, mbwa anayechukia watu walioinama na baba aliyepindwa mgongo na miwa ya watu, nimekwisha. Ni Shosho aliyenitoa hofu hiyo, kwa kupita tu mbele ya Desi na mgongo wake. Huhitaji kubadilisha chochote. Njoo ulivyo. Katika plot yote hii, mgongo kama wako ndio Desi aliouamini kwanza.

Fimbo nimeifanyia mazoezi pia. Nimeazima ya Shosho, natembea nayo mbele yake huku nikimpa matumbo. Sasa akisikia fimbo inagonga saruji anameza mate.

Mwambie Wafula, kaka yangu, akupandishe basi la asubuhi na asikuache stendi ukabeba mzigo. Nitaomba ruhusa kazini, nikungojee hapa barabarani mwenyewe. Tutaingia pamoja, Desi akiwa amefungwa, na tutakaa kwenye benchi la Shosho mpaka azoee harufu yako. Hakuna atakayekuharakisha.

Msalimie Mama, mwambie asitume kuku, mkaazi mpya wa hapa hajafika kwenye somo la kuku. Msalimie shangazi wa Chwele, dada yako, mwambie kitenge chake kiko kwa fundi. Msalimie jirani yetu mwalimu mstaafu anayekuletea gazeti. Nafula, asante kwa sauti yako, na ubusu watoto wako kwa niaba ya shangazi yao.

Jambo la mwisho, Baba. Daktari akishakufungua hilo jicho na ukaweza kuona vizuri, nataka tusimame uani mimi na wewe, Desi mbele yetu. Ulinifundisha kuinama nikiona mbwa, na ilinisaidia. Siku hiyo nakuomba uiname tena, kadiri mgongo utakavyokubali, nami nitakuwa nimekuwekea kipande cha nyama mkononi.

Ni mimi binti yako, ninayekungoja barabarani,

Nasimiyu