Nilijifungua kwa Kitambulisho cha Dada

Mpendwa Mama Adolphine, naomba unisaidie maana kichwa changu hakielewi tena kipi ni kipi. Naishi hapa Lubumbashi, na nilipokuwa na mimba nilikwenda kumtembelea Mwape huko Ndola, Zambia, yeye ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na kwetu huyo si binamu, ni dada kabisa, na paspoti sina, nina kadi ya mpiga kura tu, ile tunayoonyesha kila mahali hapa, na pale mpakani Sakania wananijua sura wakaniacha nipite kama ninaenda sokoni, lakini kule ndani polisi wanasimamisha magari barabarani, basi Mwape akaniazima kitambulisho chake kwa sababu tunafanana sana, nikawa natembea nacho, na uchungu uliponishika kabla ya wakati nikakitoa hicho hicho hospitali bila kufikiri, wakaandika kwamba mama wa mtoto ni Mwape.

Wakati wa kurudi ikabidi Mwape ambebe mtoto kama wake. Afisa wa mpakani akauliza, "Mama ya huyu mutoto ni nani?" Mwape akajibu, "Ni miye," na mimi nilikuwa nyuma nimeshika mfuko wa nepi, maziwa yananitoka.

Sasa Mwape anarudi kwake Jumapili na anasema lazima aende na mtoto. "Niliingia naye. Nikirudia mikono wazi, batasema nimemuuzisha. Na mutoto ya dada ni mutoto yangu, si njo vile?" Mume wangu Feruzi anasema mtoto hatoki mlangoni. Mwape hajajaliwa mtoto, na hajanitendea ubaya hata siku moja. Namwonea huruma, namwogopa, halafu naona aibu kumwogopa. Sijui nani amemkosea nani.

Nafisa, Kamalondo

Nafisa mwanangu, pole sana. Lakini nikukaripie kidogo. Ndugu wanaazimana kitenge, wanaazimana sufuria, kitambulisho hakiazimwi. Ulikwenda nchi ya watu na tumbo kubwa, ukategemea kujulikana sura. Sura yako inaishia Sakania, na kadi ya kura vilevile.

Usimwite Mwape mwizi. Alikupokea, na hofu yake ni ya kweli. Hata hivyo Feruzi ana haki: mtoto asivuke tena kwa jina lile, kwa sababu ng'ambo huna karatasi hata moja inayosema ulimzaa, na udugu mtamu leo unaweza kuchacha kesho. Mwape naye asiondoke Jumapili. Mkiachana sasa, kila mmoja atabaki na uongo wake.

Tafuteni wakili kwanza, maana mlilofanya ni kosa na mnahitaji mtu wa kuwasemea. Kisha mwende naye wote kwenye ubalozi mdogo wa Zambia, mseme kila kitu, hata yale ya aibu. Wakitaka kuwapima damu, mpimwe. Na paspoti yako anza kuitafuta wiki hii, usingoje mimba nyingine.

Siku hiyo mbebe mtoto mwenyewe, hata ukichoka. Watauliza tena mama ni nani. Safari hii jibu wewe.