Anayenijua Tangu Utotoni

Dada yangu mpendwa, kifungua mimba wa mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu imepungua kuvimba. Mimi mzima kama chuma, ila goti la kushoto linanikorofisha. Nimeandika kwa mkono wangu, sikuomba mtu, kwa hiyo soma polepole.

Kazi ipo. Mji huu ukigonga mlango wowote unaofunga vizuri, jua umegonga mlango wangu. Juzi shule moja kubwa ilitaka niwatengenezee milango yote, ila kwanza nilete cheti cha polisi cha tabia njema. Nikaenda kifua mbele, nikidhani mambo ya zamani yameshaoza. Askari akabonyeza kompyuta yake, akanitazama, akauliza kama niliwahi kuiba mlango utotoni.

Ni ule wa bohari ya mwenye mashine ya kusaga, dada, niliouong'oa nikaufunga jikoni kwa mama mvua ilipokuwa inaingia. Siku ya kesi nilitoroka. Hati ya kunikamata ipo mpaka leo.

Nikapelekwa kwa hakimu, binti wa umri wa mjukuu. Mlango wa mahakama yao unakwaruza sakafu. Nilimwambia hata kabla ya salamu. Akacheka, akaniita babu, akasema yuko tayari kuifuta hati, ila faili ni la mtoto, hivyo aje ndugu aliyemjua mtoto huyo aseme ndiye mimi. Nikamjibu mji mzima unanijua. Akasema mji unamjua fundi tu. Nikaiwaza nyumba yangu, dada. Nyumbani nina viti vinne nilivyochonga mwenyewe, kinachokaliwa ni kimoja.

Sasa nikwambie. Mama alipozikwa nilituma maneno kwamba kazi zimenibana. Ukakasirika, ukaacha kuniandikia, na ulikuwa na haki. Haikuwa kazi. Nilifika mpaka stendi ya kwetu, nimevaa suti mpya. Nikaona askari wawili wanakunywa chai, nikageuka. Nikapanda basi lilelile nililoshuka.

Njoo, dada. Kesi ni Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Kama hutaki kuongea na mimi, ongea na hakimu. Kiti utachagua mwenyewe.

Wasalimie wanao. Waambie mjomba wao hana mpinzani kwa milango.

Ni mimi mdogo wako, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivi,

Kigingi