Kiarabu cha Kujibia Posa

Milimani Azrou, 3 Machi

Kwako mjukuu wangu Itto,

Hujambo, mama? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila goti langu limegoma na kondoo wamezaa theluji ikianguka. Anayeandika ni Fadma wa zahanati. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale anayoyaonea haya.

Ile programu uliyoniwekea kwenye simu ina wazimu. Ulisema itanifundisha Kiarabu kwa kunifuata mimi nilivyo. Ikauliza napenda nini, Fadma akajibu: kondoo. Basi! Tangu siku hiyo ni kondoo tu. "Kondoo wangu mnene." "Kondoo wako yuko wapi?" Sasa wazazi wa huyo kijana wako Anas wakija kukuposa niwaambie kondoo wangu mnene? Watadhani nakusema wewe.

Unajua desturi ya nyumba hii: posa hujibiwa na mwanamke mkubwa. Mama yako, Mungu amrehemu, nilimjibia mimi. Na hao watu wa mjini Kiamazigh, lugha yetu, hawajui hata salamu. Nitafutie maneno ya kuozesha, siyo ya malishoni.

Bibi yako, Tuda

Meknes, 10 Machi

Shikamoo Bibi, naubusu mkono wako. Kifua kimepona. Goti ulikande kwa mafuta ya moto.

Nimecheka mpaka wateja wa duka la dawa wakanishangaa. Programu inakupima, Bibi: ukikosea inarahisisha, ukipatia inapandisha. Nimeichagulia masomo ya harusi. Vumilia.

Mjukuu wako, Itto

Azrou, 2 Aprili

Itto wangu, salamu. Umekula lakini? Au mnaishi kwa chai tu huko?

Inarahisisha! Nimekosea kidogo, ikanirudisha kwa watoto: paka, mpira, jua. Mimi niliyezika mume! Na hiyo harusi yake ni keki, ukumbi, piga picha. Hakuna pa kusema, "Binti yetu hapigwi." Hakuna, "Mkimliza nitakuja mwenyewe."

Narudia nikikamua, narudia nikikanda unga. Jana sokoni nikamsemesha muuza mafuta kwa Kiarabu. Akanijibu kwa lugha yetu, polepole, kama anamsemesha mgonjwa. Nililia njia nzima kwa hasira. Lakini sijaacha.

Bibi yako

Meknes, 9 Mei

Shikamoo Bibi. U mzima? Nisamehe kwa kukawia.

Usikasirike. Tumezungumza huku, tukaona mjomba Moha ndiye ajibu. Kiarabu chake kimenyooka. Wewe utakaa karibu nami, upumzike. Usijichoshe tena na hiyo programu.

Itto wako

Azrou, 12 Mei

Itto,

Salamu utazikuta chini, zikibaki.

Nipumzike? Nimechoka lini? Moha ni mwanangu na nampenda, lakini Moha angemwoza hata nyumbu wake kwa glasi ya chai. "Tumeona." Nani kaona? Wao, au wewe? Sema, nijue wa kumkasirikia.

Nimemwambia Fadma aifute programu. Mjinga nilikuwa mimi. Tangu lini mwenye nyumba akajifunza kupiga hodi? Wanaokuja kuomba ndio watafute lugha ya kuombea. Nitajibu mimi, kwa lugha niliyokulelea. Asiyeielewa arudi na mabunda yake ya sukari ya posa.

Salamu zimebaki. Funga shingo, upepo bado.

Bibi yako, mkubwa wa nyumba hii

Meknes, 28 Mei

Shikamoo Bibi yangu. Goti lako je?

Ni mimi. Wao hawakusema kitu. Niliogopa watakucheka, nami nikae pale nikiwa sina la kufanya.

Nilimsomea Anas barua yako. Akaitafuta lugha yetu kwenye programu ileile. Haimo. Anauliza kama utamfundisha wewe. Anataka kukuomba mwenyewe, kwa maneno unayoyaelewa.

Mjukuu wako, kama bado unanitaka

Azrou, 1 Juni

Itto, mtoto wa mtoto wangu,

Sijambo, na acha upuuzi wa "kama bado".

Aje kabla ya wazazi wake, peke yake. Aje na viatu vya kazi, tunanyoa kondoo wiki hii. Sitamuuliza anapenda nini. Ataanza na magumu: kuvumilia, kutaka radhi, kunyamaza. Akiyaweza hayo, nitamfundisha kuomba. Wewe usifuatane naye kumnong'oneza.

Jibu sitamfundisha. Hilo atalisikia siku yake, pamoja na mama yake.

Bibi yako