Siku Aliyokufa Khushal Panwar

Dehradun, 6 Julai 2019

Babu mpendwa,

Nainama miguuni pako. Mimi mzima, ila chakula cha hosteli kimenitoa mbavu. Kifua chako kinaendeleaje? Simu huisikii tena, ndiyo maana naandika.

Usaili wa maafisa ni mwezi ujao. Mwalimu anatukaririsha vyeo, bunduki na idadi ya vikosi. Jana kanifokea, "We Lokesh! Mjukuu wa meja mzima hulijui jeshi la nchi yako? Kamuulize babu yako!" Darasa zima likaangua kicheko. Basi nakuuliza: afisa mtarajiwa ajue nini ambacho vitabuni hakimo?

Mjukuu wako,
Lokesh

Pauri, 19 Julai 2019

Mjukuu wangu,

Uishi miaka mingi. Kifua kinakoroma, na daktari hanitazami tena machoni. Kwa hiyo nitakujibu yote.

Afisa hali kabla askari wake hawajala. Hilo nililishika kila siku. Na afisa akiandika ripoti, huaminiwa. Hilo ndilo lililonipoteza.

Februari 1970 nilikuwa kapteni kwenye kituo cha mpakani, juu thelujini. Bibi yako alikuwa karibu kumzaa baba yako, na mfuko wa barua ulikwama kituo cha chini. Theluji mpya ilianguka siku tatu. Amri ilikuwa wazi: mtu asipite korongoni, wala asitembee bila mwenzake waliofungana kamba moja. Nikamwita Khushal Panwar, kijana wa bonde letu hili hili, aufuate mfuko peke yake. Akacheka: "Sahib, mtoto akiwa wa kiume, nusu chupa ya ramu ni yangu!" Nikamwambia, "Nenda, utakunywa nzima."

Tulisikia mngurumo wa theluji ikiporomoka. Hatukuokota hata kofia yake.

Ningesema nilimtuma, ningevuliwa cheo. Nikaandika kwamba alinyimwa likizo, akatoroka. Hata siku nikaibadili, isilingane na poromoko. Askari wangu walinyamaza, hao hao niliokuwa nikiwatanguliza kula.

Mkewe, Saruli, yu hai, kijiji cha Kandoli. Bahashani mna hati mbili nilizozitia sahihi: moja yake, moja ya jeshi. Ukizipeleka, huenda jina langu likakufungia mlango. Ukizichoma, sitajua. Miaka arobaini na tisa mimi nimeshindwa.

Babu yako

Kandoli, 30 Agosti 2019

Babu,

Sijui nikuamkie vipi. Naomba barua hii ikukute unapumua.

Kwenye usaili waliniuliza babu yangu alikuwa afisa wa namna gani. Hati ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Mkweli." Wakatabasamu, nikapita. Kesho yake nikaitia posta ile ya jeshi, nikapanda basi kuja huku. Wakinifuta, na wanifute.

Saruli bado anavaa bangili za kioo na tika nyekundu ya paji la uso, kama mke ambaye mumewe yu hai. Kila mwaka hufunga ili mtoro wake aishi. Nilipomsomea, alisema, "Rudia pale pa theluji." Nikarudia.

"Kwa hiyo hakunikimbia?"

"Hakukukimbia, Bibi."

Akazivunja bangili jiweni, moja moja, hadi mkono ukatoka damu. Jirani akaja mbio: "Umerogwa, mama?" Akamjibu, "Nimefiwa. Kaa kitako."

Hakukutukana. Anataka kitu kimoja tu, siku aliyokufa mumewe. Bila siku hawezi kumtolea tonge la wafu kila mwaka. Hatini umeandika Februari tu. Ni siku gani, Babu?

Lokesh

Pauri, 14 Septemba 2019

Mjukuu wangu,

Salamu zako nimezipokea, hata zile ulizoshindwa kuziandika. Nimelala, jirani ananishikia karatasi.

Siku tisa nimeitafuta siku hiyo. Nakumbuka pengo la jino lake alipocheka. Nakumbuka tulikula dengu. Siku yenyewe siipati. Ile ya uongo niliiandika, nikaiapia mbele ya wakubwa, nikaikariri miaka na miaka nisije nikajikanganya, hadi ya kweli ikafutika. Wengine waliokuwepo wamekufa wote.

Mwambie Saruli amtolee tonge siku ya mwisho ya majuma mawili ya kuwakumbuka wafu, wanapolishwa wale ambao hakuna ajuaye walikufa lini. Usimwambie ni kudura. Mwambie ni mimi.

Babu yako